Hasira ya Zebaki na Hasira Yangu

Kama unasoma haya kwa sababu mikono yako inatetemeka na watu wa nyumbani kwako wameanza kunong'ona, kwanza nikupe pole. Pili, nikuombe jambo moja: usikubali mtu akuambie kwamba kila unachokikasirikia ni ugonjwa tu. Ukurasa huu nimeuandika mara tatu nikijaribu kuanza kwa upole, kama wanavyoanza watu waliopona, kwa kumshukuru Mungu, madaktari na majirani. Upole umekataa kuja. Mungu namshukuru, ndiyo. Lakini hasira bado ninayo, na nimeamua kuandika nayo hivyo hivyo.

Jina langu ni Minza. Watu huniita Mama Limi, kwa jina la binti yangu wa pekee. Kwetu ni kijiji kilicho nje kidogo ya Ushirombo, lakini ndoa yangu ilikuwa Nyarugusu, kwenye machimbo. Mume wangu, Baba Limi, alikuwa na sehemu yake kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, pamoja na wenzake wanne. Yeye alishuka chini, mimi nilibaki juu. Mawe yakishasagwa kwenye mashine tunayoiita karasha na mchanga wake ukishaoshwa, kilichobaki aliniletea nyumbani ndani ya beseni. Nilikimwagia zebaki, nikafikicha kwa mikono mitupu mpaka dhahabu ikamatane, nikakamua kwa kitambaa. Kile kidonge kilichobaki nilikiweka juu ya kifuniko cha kopo nikakichoma kwenye jiko la mkaa, jikoni, dirisha likiwa limefungwa ili wapita njia wasijue tumepata nini. Moshi mweupe ulipanda, kidonge kikageuka manjano. Kisha kwenye jiko lile lile nilibandika maji ya ugali.

Kazi hiyo niliifanya miaka saba. Siku za mvua nilimwita Limi aje jikoni aote moto.

Mkono wa kulia ndio ulioanza. Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, mama mkwe amekuja kutusalimia. Nikamshika mkono, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamletea chai. Kikombe kikaanza kucheza kwenye kisahani kabla sijamfikia. Nikammwagia mapajani. Akainuka huku anajipangusa, akaniangalia machoni muda mrefu.

"Mama Limi," akasema taratibu, "umeanza kunywa?"

Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Nikacheka. Nilidhani ni uchovu.

Baada ya mkono ikafuata kinywa. Niliamka asubuhi na ladha ya chuma, kama nimelala na sarafu chini ya ulimi. Fizi zilivimba, mate yakawa mengi mpaka nikawa natembea na kitambaa mfukoni. Siku moja nilikuwa natafuna hindi la kuchoma, jino likabaki kwenye hindi. Halikuuma hata kidogo. Nilikaa nikiliangalia kama jino la mtu mwingine.

Usingizi ukaisha. Kumbukumbu ikaanza kutoboka: naenda dukani nafika sijui nimefuata nini. Halafu ikaja aibu, na hii ndiyo ambayo hakuna aliyenielewa. Mimi nilikuwa naimbisha kwenye jumuiya. Nilikuwa mtu wa kusimama mbele. Sasa mtu akibisha hodi, moyo unanienda mbio, najificha nyuma ya mlango mpaka aondoke. Nilimwogopa hata Mama Zuhura, jirani yangu muuza vitumbua, mwanamke mpole ambaye alinipokea nilipohamia pale. Alibisha, akasubiri, akaacha vitumbua vimefunikwa kizingitini, akaenda zake. Alifanya hivyo wiki nzima bila kuuliza chochote.

Mwisho ikaja hasira.

Niieleze vizuri, maana wengi wanadhani hasira ni hasira. Hii haikuwa na mwanzo. Ilitoka tumboni ikapanda shingoni, meno yakakazana, na ndipo nikatafuta cha kukasirikia. Chumvi imezidi. Kuku ameingia ndani. Mtu amecheka barabarani. Nilirusha sufuria. Nilimtukana mtoto wa watu aliyekuja kuomba moto. Ikishapita nilikaa chini nikilia kwa woga, kwa sababu sikuelewa yule mwanamke alitoka wapi.

Katika kipindi hicho nikafanya jambo lililozungumzwa Nyarugusu nzima. Nilimfuata Baba Limi kwenye karasha, wenzake wakiwa wamekaa wanasubiri mashine, nikasimama mbele yake nikapiga kelele: "Unaniua! Unaniua na unajua!"

Kwa nini nilisema hivyo? Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa tu nimeona kitu. Kila nilipowasha jiko nichome kidonge, Baba Limi alikumbuka ana kazi nje. Alikaa uani mpaka moshi uishe, ndipo akaingia kuangalia rangi ya dhahabu. Miaka saba sikuwa nimeliona hilo. Nilipoanza kuumwa nikaliona.

Watu walinishika mikono. Wengine walicheka. Baba Limi aligeukia wenzake akasema, "Mnamwona? Ndivyo ninavyoishi." Jioni hiyo alimpigia simu kaka yangu mkubwa, Shija, akamwambia, "Njooni mmchukue mtu wenu. Amepagawa."

Mtu wenu. Miaka yote ile ya ndoa.

Mama yangu, ambaye sisi sote tunamwita Mayu, hakukaa kulia. Hana tabia hiyo. Kila tatizo kwake lina mlango wa kubisha. Alinipeleka kwa mganga, Ushetu huko ndani, wakati watu wanakausha tumbaku. Nilikaa wiki tatu. Nilichanjwa chale mikononi, kifuani na utosini, nikaambiwa kuna mwanamke wa machimboni anautaka mji wangu, yaani ndoa yangu. Nilioga dawa asubuhi na jioni.

Na nilipata nafuu. Naandika hili kwa uchungu mkubwa. Mkono ulipungua kutetemeka, nikalala usingizi, hasira ikatulia. Mganga akajisifu, Mayu akampa mbuzi kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni kitu gani kingine kilichobadilika. Nilikuwa nimekaa wiki tatu bila kuvuta moshi ule, basi. Ningeweza kukaa hata chini ya mti wowote nikapata nafuu ile ile.

Baba Limi akaja kunichukua kwa furaha, na kitenge kipya. "Mke wangu amerudi," akawaambia watu. Siku ya pili akaniletea beseni.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mambo yote yalirudi, tena kwa nguvu. Limi alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amejifunza kuniangalia mikono kabla ya kuniangalia usoni. Mikono ikicheza sana, anachukua daftari lake anatoka nje taratibu. Siku moja hakuwahi. Aliniuliza, "Mama, kalamu yangu umeiona?" Nilikuwa nasonga ugali. Niligeuka na mwiko mkononi nikampiga nao usoni.

Nyusi ilipasuka. Damu ilikuwa nyingi, ikamwingia jichoni. Hakulia kwa sauti. Alinyamaza kabisa, na ule unyamavu wake ndio ulionirudisha akilini. Mama Zuhura ndiye aliyetupeleka mpaka zahanati. Mganga wa zahanati akiwa anashona, alimuuliza Limi, "Imekuwaje?"

Mwanangu akajibu, "Nimeanguka kwenye jiwe."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimwacha adanganye.

Safari hii Baba Limi hakupiga simu. Alikodi gari, akapakia godoro langu, nguo na Limi, akanileta mwenyewe mpaka kwa Mayu. Hakuzima hata injini. Kesho yake tukasikia amekwenda kwenye machimbo mapya, watu wamekimbilia dhahabu huko. Kila mtu ana namna yake ya kuikimbia nyumba inayowaka. Ya kwake ilikuwa miguu.

Ya Mayu ilikuwa kazi. Baada ya mganga alinipeleka kwenye maombi. Walikuwa watu wazuri, walinishika kichwa, wakakemea, wakataka nianguke. Sikuanguka, wakasema nina moyo mgumu. Nilipomrushia Mayu bakuli la uji siku hiyo hiyo, nikamwambia amenitembeza kama mbuzi wa mnada, alijipangusa uji kwenye kanga, akasema, "Ulitaka nifanye nini, mwanangu? Nilipewa mtu nisiyemjua. Ulitaka nikae tu nimtazame?"

Niliinama nikaokota bakuli. Swali lake ninalo mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata aliweka kikombe changu cha uji mezani, ndani ameweka mrija, ule wa kunywea soda, ili nisihangaike kukinyanyua. Kisha akaweka mrija mwingine kwenye kikombe chake. Tukanywa hivyo, yeye na nywele zake nyeupe. Kama nitaulizwa nini kiliniweka hai mwaka ule, nitataja mrija wa mama yangu.

Hospitalini tulianza kwa daktari wa kawaida. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, Mayu akiwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, tunatafuna kimya kimya. Nilipoingia, daktari aliangalia mikono yangu kama anavyoangaliwa mtu anayechelewesha foleni.

"Una ndoa?"

"Mume aliondoka."

"Basi ni mawazo, mama. Punguza mawazo."

Punguza mawazo! Kama vile mawazo ni maji kwenye ndoo, nimwage kidogo. Akaniandikia vidonge vya kulalia. Nililala, ndiyo, nikaamka na mikono ile ile. Niliporudi mara ya pili akanihamishia kliniki ya afya ya akili, ambayo kwetu ni Jumanne.

Nataka kueleza benchi lile kwa sababu wewe unayesoma huenda unaliogopa. Lipo nyuma ya jengo la wazazi, na ukutani wameandika AFYA YA AKILI kwa herufi kubwa, mtu asome akiwa mbali. Wanawake wanaokwenda kujifungua wanapita mbele yenu, na wanapopita wanapunguza mwendo. Wengine wanavuta watoto wao upande wa pili. Jumanne ya kwanza nilijifunika kanga mpaka machoni. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mkulima, msafi sana, shati limenyooshwa. Alinisalimia, nikaitikia chini chini. Akasema, "Usijifunike, binti. Utapata joto bure. Mimi nakuja hapa mwaka wa nne, na wote wanaotuangalia, hakuna aliyeniletea hata maji." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya miezi.

Aliyekuwa ndani ni muuguzi, mwanamke wa makamo anaitwa Theresia. Alifunga mlango. Akaniuliza swali ambalo hakuna mganga, mwombaji wala daktari aliyekuwa ameniuliza.

"Mama Limi, unafanya kazi gani?"

"Mama wa nyumbani."

"Hiyo najua. Hapo nyumbani ulikuwa unafanya nini?"

"Napika. Nafua. Nachoma dhahabu ya mume wangu."

Kalamu ikasimama. "Unachomea wapi?"

"Jikoni."

"Dirisha likiwa wazi?"

"Limefungwa."

Akaniomba nifungue kinywa, akaangalia fizi. Akaniomba niandike jina langu. Mimi nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa. Kilichotoka kwenye karatasi ile kilikuwa kama njia ya mchwa. Theresia aliitazama karatasi, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto alikuwa wapi ukichoma?"

Nilielewa kabla hajamaliza.

Tulipelekwa Mwanza, mimi na Limi, na barua. Kule kungojea ni kwingine. Unakusanya mkojo wa siku nzima kwenye dumu, unatembea nalo kwenye mfuko wa plastiki katikati ya watu, unakaa nalo kwenye foleni miguuni kama mtu aliyetoka kununua mafuta ya kula. Limi na lake, mimi na langu. Kisha yanasafirishwa Dar es Salaam na unaambiwa usubiri. Tulirudi nyumbani. Tukasubiri mpaka mahindi yaliyokuwa yanachipua yakafika kiunoni. Katika muda huo, bila moshi, nilianza tena kupata nafuu kidogo kidogo, na safari hii nilijua kwa nini, na kila siku ya nafuu iliniongezea ghadhabu.

Majibu yakaja. Zebaki. Yangu nyingi. Ya Limi kidogo, lakini ipo.

Ninajua natakiwa kuandika kwamba nilifarijika. Nilifarijika kwa muda wa kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni. Sikuwa na mashetani, sikuwa mlevi, sikuwa na moyo mgumu. Nilipofika nje nikamwona Limi amekaa kwenye benchi, miguu haijafika chini vizuri, kovu kwenye nyusi, na mwilini mwake mna kitu nilichokipika mimi. Nilikwenda nyuma ya jengo nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka mlinzi akaja.

Matibabu yalikuwa vidonge vya kapsuli vyenye harufu ya yai viza. Unameza wiki kadhaa, unapumzika, wanapima, unaanza tena. Tangu hapo tulihesabu siku kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza ulikwenda na palizi, nikawa natapika kila asubuhi. Wa pili ulikuta watu wanavuna. Ladha ya chuma ikaondoka kinywani na nikaonja dagaa kama dagaa. Limi alimeza mzunguko mmoja, bila kulalamika hata siku moja, na damu na mkojo wake vikawa safi. Mimi nilihitaji mitatu. Mkono wangu mpaka leo nikichoka sana unacheza, na meno matatu hayatarudi.

Jumanne zangu kwa Theresia ziliendelea. Wakati wa mzunguko wa pili nilimuuliza, "Hii hasira itaisha?"

"Ya zebaki itaisha," akasema. "Yako sijui."

"Nitazitofautishaje?"

"Ikikujia, usiifukuze wala usiifuate. Toka nje, kaa. Iulize inamdai nani, kwa lipi. Ikikosa la kusema, hiyo ni ya zebaki, iache ipite. Ikikutajia jina na jambo, hiyo ni yako. Niletee hapa Jumanne, tuizungumze."

Ilionekana kama mchezo wa watoto, lakini nilifanya. Nilikuwa na kigoda nyuma ya nyumba, napotelea huko. Miezi ya mwanzo hasira nyingi zilikuja hazina la kusema. Chumvi, kuku, mlango umegongwa. Nilikaa, zikapita. Kadiri mizunguko ilivyokwenda hizo zilipungua, na zile nyingine, badala ya kupungua, zikawa wazi zaidi. Nilikuwa na hasira na aliyetuuzia zebaki kwenye chupa ya dawa ya kikohozi akituambia haina neno, ni kama maji. Na daktari wa punguza mawazo. Na mganga na mbuzi wetu. Na mimi mwenyewe, kwa mwiko ule. Na Baba Limi.

Siku nilipomwambia Theresia kuhusu Baba Limi kukaa uani, aliniambia kitu. Alisema watu wa afya walikuwa wakipita machimboni miaka ya nyuma, wanawakusanya wachimbaji na kuwafundisha hatari ya kuchomea ndani. "Lakini waliokuwa wanakusanyika ni wanaume," akasema. "Wachomaji mko majumbani." Nilikaa na maneno hayo wiki nyingi.

Nilikuwa nimemaliza mzunguko wa tatu pale Baba Limi alipokuja, pamoja na baba yake mdogo, kufanya kikao cha kunirudisha. Walikuja mchana, nguo safi. Kaka Shija alikaa upande wetu pamoja na Mayu. Salamu zilikuwa ndefu, za heshima. Baba mdogo akazungumza, mzee mwenye sauti nzuri.

"Mama Limi, hatukuja kutafuta mkosaji. Ugonjwa ni ugonjwa, unampata yeyote. Yale maneno uliyomwambia mumeo mbele ya watu, sote sasa tunajua hukuwa wewe. Ni ile zebaki ilikuwa inasema. Wewe tamka tu hapa kwamba ulikuwa unaumwa, yaishe, urudi kwako."

Shija alitikisa kichwa kukubali. Aliona ni jambo jema, na hata mimi, nakiri, niliona jinsi lilivyo rahisi. Neno moja tu, na kila kitu ningesamehewa: sufuria, matusi, bakuli la uji, vyote vingefunikwa kwa blanketi moja. Baba Limi alikuwa ananiangalia kwa macho ya kusihi. Amekonda. Mtu niliyempenda.

Nikasema, "Baba, asante. Yapo niliyoyafanya nikiwa naumwa. Nilimpiga mwanangu. Nilimrushia Mayu uji. Hayo nimeyaombea radhi na nitaendelea kuyaombea. Lakini lile la kwenye karasha, naomba kwanza nimuulize Baba Limi."

Nikamgeukia. Mikono niliibana kati ya magoti.

"Wale watu wa afya walipowakusanya, walisema nini kuhusu kuchomea ndani?"

"Ni siku nyingi, Mama Limi."

"Walisema nini?"

Baba mdogo akataka kuingilia, Shija akanyanyua mkono. "Jibu, shemeji."

"Walisema tusichomee ndani," akasema Baba Limi, macho chini. "Hasa penye watoto."

"Limi alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa hajaanza shule."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alisugua viganja vyake magotini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Ungeacha."

Nimejaribu kumwelewa. Theresia anasema mtu anaweza kujua jambo na asilijue kwa wakati mmoja. Analiweka mahali ndani yake asipopitia, anaendelea kula na kucheka. Inawezekana. Lakini miguu yake ilijua. Kila siku ilimpeleka uani.

"Basi," nikawaambia, "lile la kwenye karasha nilisema nikiwa mzima."

Mayu ndiye aliyesimama, akajifunga kanga kiunoni. "Chakula kiko tayari," akasema. "Wageni wanawe, wale, kisha waende."

Walikula. Wakaenda. Siku hizi Baba Limi anakuja kumwona mtoto, anakaa kwenye kiti cha nje, wanazungumza. Sijamsamehe. Theresia hajaniambia nisamehe, na kwa hilo nampenda. Kila ninapopata nafasi nakwenda mwaloni, wanakooshea mchanga, nawaeleza wanawake: chomea nje, upepo ukupe mgongo, mtoto awe mbali, au usichome kabisa. Wengine wananisikia. Wengine wanasema, yule ndiye mwendawazimu wa Baba Limi.

Lakini nililotaka hasa kukueleza, wewe mwenye mtoto, ni la likizo hii iliyopita.

Limi ana miaka kumi na miwili. Kijijini wanamsifu: mtoto ana adabu, hapazi sauti, hachelewi. Mayu anafurahi. Mimi sikufurahi. Nilijua haikuwa adabu. Alikuwa bado yuko zamu, analinda, anapima hali ya hewa ya nyumba kila anapoingia.

Mchana mmoja nilikuwa nachambua maharage uani. Nikamwambia, "Limi, nenda kachote maji tena, hayatatosha."

Akasimama na ndoo mkononi. Kisha akaibamiza chini, ikaruka mpaka kwenye kuku.

"Sitaki!"

Mayu akatokea mlangoni. Nikampungia mkono arudi ndani.

"Humu ndani kila mtu anakasirika isipokuwa mimi!" Limi akapaza sauti. "Bibi anakasirika! Wewe unakasirika mpaka unaandika! Mimi ninyamaze tu!"

Halafu akaganda. Macho yake yalishuka kwenye mikono yangu, kuangalia. Nikaweka ungo chini, nikaiacha mikono wazi juu ya magoti aione.

"Sema, mwanangu. Nipo."

"Ulinipiga."

"Ndiyo. Nilikupiga."

"Na mimi nikadanganya kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Kila siku unaniomba msamaha, unaniomba msamaha. Hujawahi kuniuliza kama iliuma!"

Ni kweli. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemwaga mbele yake majuto yangu, naye ameyapokea kama anavyopokea kila kitu, na sikuwahi kumuuliza.

"Iliuma?" nikauliza.

"Iliuma sana!" akapiga kelele, na baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alipiga kelele kuhusu jicho lake lililojaa damu, kuhusu rafiki zake wa Nyarugusu aliowaacha bila kuwaaga, kuhusu kapsuli zile na harufu yake, kuhusu baba yake, kuhusu mimi. Aliipiga ndoo teke. Sauti ikamkauka, akaendelea kwa sauti iliyokauka. Jirani alichungulia juu ya ua, nikamwacha achungulie.

Sikumwambia anyamaze. Sikumwambia basi. Nilikaa pale pale kwenye kigoda nikamsikiliza mpaka alipomaliza.